Barua ya Amani ya Mzee Tharcisse

Kwa miaka kumi na mbili Thacienne alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na si kwa sababu alipenda baridi ya Toronto impige mgongoni kila anapoingia mtu aliyechelewa. Alikuwa ametengwa. Katika kanisa lao mtu aliyetengwa haimbi kwaya, haombi kwa sauti, hasimami kutoa ushuhuda, na Jumapili ya kwanza ya mwezi, mkate na kikombe vinapopitishwa, vinampita utadhani kiti chake hakina mtu. Kuja anaruhusiwa. Kutoa sadaka pia anaruhusiwa, hilo halijawahi kukatazwa popote.

Cha ajabu ni kwamba hapa Toronto hakuna aliyemtenga. Alijipeleka mwenyewe. Alipofika kutoka kambini Tanzania na binti yake Darlène, wakapewa nyumba ghorofa ya tisa huko Flemingdon Park, Jumapili ya pili tu alimfuata mchungaji wa wakati ule akamwambia kwamba yeye ametengwa na hajarudishwa. Mchungaji hakuwa amemuuliza. Wangapi wamevuka bahari wakayaacha madhambi yao kwenye uwanja wa ndege wa kwanza, wakashukia huku wakiwa mashemasi? Angenyamaza naye, nani angejua? Lakini hakunyamaza, na mchungaji, badala ya kumshangaa, alimwonyesha benchi.

Sheria yao inasema kanisa lililomtenga mtu ndilo linalomrudisha, tena kwa barua. Na kanisa lililomtenga Thacienne lilikuwa limekwisha. Kambi ilifungwa, wazee wake wakatawanyika, mmoja Norway, wawili Australia, wengine kaburini. Aliyebaki karibu alikuwa mmoja tu, na mzee mmoja si kanisa, walimwambia. Basi hapakuwa na wa kuiandika hiyo barua. Wachungaji walikuja na kuondoka, Thacienne akabaki palepale, na hakukosa Jumapili hata moja isipokuwa zile alizopangiwa zamu kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi ya kuogesha na kulisha.

Kosa lenyewe lilikuwa la dakika moja. Miaka ishirini na miwili iliyopita, kwao Kongo, upande wa milima ya Fizi, watu tisa wa kwaya walikuwa wakienda kwa miguu kwenye kongamano la kijiji cha pili. Mbele alitembea Mzee Tharcisse, kiongozi wao. Nyuma yake alikuwa Destin, mume wa Thacienne, aliyeimba besi. Wa mwisho kabisa alikuwa Thacienne, na Darlène wa mwaka mmoja na nusu mgongoni. Kwenye kona wakakuta watu wenye bunduki na mapanga. Mkubwa wao akauliza nani kati yao ni mtu wa kanisa, ainue mkono.

Mzee Tharcisse aliinua mkono wa kulia, juu kabisa. Destin akainua. Wote wakainua. Thacienne alikuwa ameyaona mabuti ya mpira miguuni mwa watu wale, akajua papo hapo ni kina nani. Askari wa serikali walivaa buti za ngozi. Za mpira zilikuwa za waasi wa milimani, na waasi waliwachukia watu wa kanisa kwa kudhani kwamba wanapeleka habari zao mjini. Akasema yeye siye. Akasema yeye anauza samaki, hawa amekutana nao njiani tu. Wakamwambia apite. Alipita katikati yao, akampita mume wake bila kumtazama, na alikuwa hajafika mtoni aliposikia risasi.

Saba walikufa, Destin mmoja wao. Mzee Tharcisse alikatwa panga mkono uleule aliouinua, akapoteza vidole vitatu, akaviringika bondeni wakadhani amekwisha. Wiki tatu baadaye alifika kambini na bandeji yake, akamkuta Thacienne na mtoto. Wazee wakakaa kikao. Thacienne hakujitetea hata neno, hata mtoto aliyekuwa mgongoni hakumtaja. Atengwe, wakasema, mpaka Bwana atakapoona vema. Hawakuandika miezi wala miaka.

Siku hizi Mzee Tharcisse alikuwa akiishi Malvern kwa mtoto wake wa kiume, na alikuwa mtu mkubwa. Hapakuwa na kanisa la Wakongo wala la Warundi mjini ambalo halijamwita kutoa ushuhuda. Alikuwa akisimama mbele, anatulia, kisha anauinua polepole ule mkono wenye vidole viwili, na kina mama wanalia kabla hajafungua mdomo. Walimwita shahidi aliye hai. Akija Flemingdon, Thacienne alikuwa akimwamkia kwa mbali kwa kuinamisha kichwa, naye mzee anaitikia huku anatazama pembeni. Thacienne aliliona hilo kuwa sawa kabisa. Mtu wa namna ile amtazame yeye kwa lipi?

Mambo yakaja kugeuka kwa sababu ya masomo ya Jumatano. Mchungaji wa sasa, Pasta Fabrice, kijana aliyesomea Biblia hapahapa Kanada, alikuwa mpenzi wa historia, na mwaka huu aliamua kuwafundisha habari za kanisa la kwanza. Wengi walikuwa wakisinzia, watu wametoka kiwandani. Thacienne hakusinzia. Alisikia jinsi Kaisari alivyoamuru kila mtu afukize ubani mbele ya miungu ya Roma na kupewa cheti. Jinsi wengine walivyokataa wakafungwa na kuuawa, na wengine walivyofukiza, kisha dhoruba ilipopita wakarudi kanisani wakilia, na kanisa likawa halijui liwafanye nini. Wengine walisimamishwa mlangoni miaka.

Ndipo Fabrice akasema jambo lililomfanya Thacienne aache kuandika. Wale waliosimama imara, wakateswa gerezani lakini wakabaki hai, walikuwa wakiwaandikia barua walioanguka. Barua za amani. Aliyeteswa aliliomba kanisa limpokee aliyekana. Baadhi ya maaskofu walinung'unika kwamba barua zinatolewa ovyo kama karanga, lakini barua hizo zilikuwa na uzito, kwa sababu ya mkono ulioziandika.

Somo lilipokwisha Thacienne alimsubiri mchungaji mlangoni. Alimuuliza kama leo hii, mtu aliyesimama siku ileile aliyoanguka yeye akimwandikia barua kama hizo, kanisa litaipokea. Fabrice alikuwa mwaminifu kwa namna yake, hakupenda kuahidi asiloliweza. Alisema kwamba kama barua ni ya Mzee Tharcisse, hakuna mtu kanisani atakayethubutu kuikataa.

Jumamosi yake akapanda basi la Eglinton, akabadilisha, akapanda jingine, saa nzima na nusu mpaka Malvern. Alikuwa amevaa kitenge cha sherehe chini ya koti la baridi. Mkamwana wa mzee alimfungulia, akaweka chai mezani, akaenda kazini. Wakabaki wawili, mzee kwenye kochi na blanketi magotini, televisheni ikionyesha mpira bila sauti.

Thacienne alieleza yote kwa mpangilio, kama alivyojizoeza ndani ya basi: Kaisari, ubani, magereza, barua. Mzee alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Hakuonekana kushangaa wala kukataa. Alionekana mtu aliyezoea kuombwa. Basi Thacienne akafika kwenye lile alilolileta kweli, lile alilolibeba miaka yote.

"Papa Tharcisse," alisema, "weye uliona yale mabuti ya mpira, na bado uliinua mkono. Miye niliyaona vilevile, nikaogopa. Njo maana nimekuja kwako, si kwa mwingine."

Mzee aliacha kuitikia.

"Mabuti gani?" akauliza.

Thacienne alidhani uzee. Akamkumbusha kwa upole: wale watu, miguuni, mabuti ya mpira, ya waasi. Mzee alimtazama usoni, mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, na mdomo wake ukabaki wazi kidogo. Kisha akachukua rimoti akaizima ile televisheni ambayo haikuwa hata na sauti.

Habari ilichukua muda mrefu kutoka. Kwanza alisema macho yake yalikuwa mabovu tangu ujana. Kisha akasema juu ya kamio, lori lile. Thacienne hakukumbuka kamio yoyote. Ndiyo, asingekumbuka, mzee alisema, maana waliambiwa viongozi tu: wiki ile serikali iliahidi kutuma kamio na askari kuwachukua watu wa kanisa na kuwapeleka ziwani kwenye usalama. Askari watauliza nani ni wa kanisa, wakaambiwa, na atakayejitaja atapanda.

"Nilizania ni basoda ba serikali," mzee alisema. "Nilizania kamio iko nyuma ya kona. Nikanyoosha mkono juu sana, ili bawone mapema. Na bale bote banafuata miye tu."

Alisema hayo akitazama mkono wake. Kikombe cha chai kilikuwa mkononi mwa Thacienne, akakiweka mezani taratibu kwa sababu aliogopa kwamba atamrushia. Tuseme ukweli, alitaka kumrushia. Miaka ishirini na miwili aliamini kwamba siku ile watu wanane waliyatazama mauti machoni wakamchagua Bwana, na yeye peke yake akachagua ngozi yake. Kumbe mmoja aliinua mkono apande lori, na saba wakamfuata. Kumbe katika wote tisa, aliyejua kinachoulizwa alikuwa yeye tu.

Akamuuliza kwa nini alinyamaza kambini, wazee walipokaa. Mzee alisema siku aliyofika, kabla hajafungua mdomo, tayari walikuwa wanamwimbia. Akaona atasema kesho. Kesho yake wakaja wajane wawili kumshukuru kwamba waume zao hawakufa bure. Baada ya hapo haikuwezekana tena. Na Thacienne alipoletwa mbele ya kikao na kukiri mwenyewe bila kuulizwa, akaona basi, Mungu amependa iwe hivyo. Mungu anasingiziwa mengi.

"Tuiseme kanisani," Thacienne alisema. "Jumapili. Weye useme, miye nitasimama karibu yako."

Mzee alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Thacienne zaidi, ile sauti ya upole, ya mtu anayemhurumia.

"Mama Darlène, Destin alinyoosha mkono sababu miye nilinyoosha," alisema. "Unapenda Darlène ajue ivyo? Kwamba baba yake alikufa juu ya kosa ya mzee mwenye macho mabaya?"

Mzee alivuta karatasi kutoka droo ya meza, akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizolala upande mmoja. Aliandika vizuri sana. Aliandika kwamba yeye Tharcisse, aliyemshuhudia Bwana mbele ya wauaji kwa jina la wote saba waliolala, anamsamehe dada Thacienne aliyemkana, na anaomba kanisa limpe amani. Akatia sahihi. Akamkabidhi kwa mikono yote miwili, kama inavyotakiwa, vidole viwili upande huu na vitano upande ule.

Na Thacienne akaipokea. Angeichana palepale, nani angemlaumu? Lakini aliikunja mara mbili, akaiweka ndani ya mkoba, akaaga kwa heshima na kutoka nje kwenye theluji.

Wiki ile alifanya kazi vibaya. Alimlisha mzee mmoja mara mbili na mwingine akamsahau, msimamizi wake akamwita. Kila usiku alipanga atakachosema. Kufikia Alhamisi alikuwa ameamua: barua atampa mchungaji, maana bila barua hatapewa nafasi ya kusimama mbele, lakini akishasimama, atasema yote, kamio na mabuti na vyote. Hasira ilimfaa, ilimfanya ajisikie kijana. Mbona nife na aibu ya mtu mwingine, alijiambia akikunja mashuka.

Akaipeleka barua, siku ikawekwa Jumapili, lakini kitu kimoja hakukipanga. Pasta Fabrice, kwa nia njema kabisa, alimpigia simu Darlène.

Darlène alikuwa hajaingia kanisani miaka sita. Aliwahi kusema wazi kwamba hawezi kukaa akimtazama mama yake amewekwa mlangoni kama mwizi. Alifanya kazi benki, alizaa mtoto, Mélissa, na sebuleni kwake alitundika picha moja tu ya zamani, ya Destin na sare ya kwaya, aliyoikuza dukani mpaka ikawa kubwa kama dirisha. Yeye mwenyewe hakumkumbuka baba yake hata kidogo. Alichokuwa nacho ni ile habari, kwamba baba aliulizwa akijua jibu litamuua, akajibu. Aliwahi kuiandika chuoni kwa Kiingereza akapewa alama ya juu. Jumapili hiyo alikuja amevaa gauni jeupe, Mélissa mapajani, akakaa benchi la pili.

Ukumbi ulijaa. Ulikuwa ukumbi wa kanisa jingine, waliokodi saa za alasiri wenyewe wakishamaliza ibada yao, na bado ulinukia kahawa ya watu wale. Mzee Tharcisse aliletwa kwa gari, akaketishwa mbele pamoja na wazee. Fabrice akasoma barua. Alipofika kwenye lile neno la wote saba waliolala, alilisoma mara mbili, akaendelea. Kina mama wakapiga vigelegele. Thacienne akaitwa mbele, akatembea ule urefu wote wa ukumbi kutoka mlangoni, na watu wakigeuka kumtazama kama bibi harusi.

Kurudishwa kundini kuna swali lake, na ni lazima lijibiwe mbele ya wote. Fabrice aliliuliza kwa upole, akisoma kwenye karatasi aliyoitunga mwenyewe kwa heshima ya siku hiyo.

"Dada Thacienne, unakiri kwamba siku ile, wenzako walipomshuhudia Bwana hali wakijua watakufa, wewe ulimkana?"

Maneno yake yote yalikuwa tayari. Alifungua mdomo ayatoe. Mzee Tharcisse alikuwa anatazama sakafu, mabega yameshuka, mtu anayesubiri kupigwa. Na Thacienne aliona kwamba yeye akisema, mzee hatajitetea, hatabisha, pengine hata ameomba usiku kucha kwamba aseme. Basi ilikuwa rahisi hivyo. Sentensi mbili tu.

Akamtazama Darlène. Darlène alikuwa analia wazi, kidevu juu, hafuti machozi. Alikuwa na uso wa Destin, uleule, paji na nyusi na ile namna ya kubana midomo. Alikuwa anasubiri kusikia tena habari ya baba yake mbele ya watu wote.

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Fabrice, akidhani majuto yamemzuia kujibu, akamshika bega.

"Ndiyo," Thacienne alisema. "Walijua. Mimi nilimkana."

Wakaimba. Mkate ukaletwa, kipande cha mkate wa dukani kilichokatwa kimraba, akapewa wa kwanza kabla ya wazee. Alikuwa ameuwaza kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa ameuota, kwa kweli, mara nyingi, na katika ndoto alilia kwa furaha. Sasa aliutafuna, ukamkauka mdomoni, akaumeza kwa nguvu. Siku ile njiani alisema uongo na mtoto mgongoni, na bunduki mbele yake, na kwa uongo huo walimtenga. Huu wa leo aliusema mbele ya madhabahu, hakuna aliyemtishia, na walikuwa wanampigia makofi.

Mzee Tharcisse akanyanyuka kwa shida, akamjia, akamwekea ule mkono kichwani kama anayembariki. Watu waliinua simu wapige picha. Ni Thacienne peke yake aliyesikia alichosema, na alisema neno moja tu, asante. Akalirudia. Thacienne alisimama chini ya mkono ule na hakuutoa, ingawa alimchukia mzee wakati huo kuliko alivyowahi kumchukia mtu.

Baada ya ibada mchungaji wa Malvern, aliyekuja kama mgeni, aliomba jambo. Alitaka Jumapili ijayo waje wote wawili kanisani kwake, aliyesimama na aliyeanguka, watoe ushuhuda pamoja. Vijana wanahitaji kusikia, alisema. Na Hamilton nako wameshaomba, na Kitchener. Mzee Tharcisse alisema anamwachia mama aamue. Wote wakamgeukia, na Thacienne akatafuta sababu ya kukataa isiyokuwa ile ya kweli, asiipate, akasema ataomba apewe zamu ya asubuhi ili alasiri awe huru.

Darlène alikuwa anamsubiri mlangoni na Mélissa aliyelala begani. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, koti kwa koti, kisha akamwambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili siku hizi alikisikia tu, alikuwa ameacha kukisema, kwamba kuanzia sasa atakuwa anakuja kila Jumapili, na mtoto atakuwa anamleta, akue akijua babu yake alikuwa mtu gani. Akasema baba angejivunia leo.

Thacienne alimfunga mtoto kofia vizuri, akamwambia ndiyo, angejivunia.